Safu ya Tatu

Mvua ya vuli mwaka huu haina adabu.
Ilibisha hodi mwezi wa tisa, ikaondoka kabla sijafungua,
ikaiacha mirehani yangu imeshtuka usingizini
ikiuliza kumekucha, kumbe bado.

Nami nilidanganyika. Nilipanda.
Uani kwetu, Barabara ya Kumi na Nne, nyuma ya choo cha zamani:
safu tatu za rehani, asumini kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa,
na mlangilangi mmoja ambao shemeji yangu
huulalamikia kila mwaka kwamba unapasua ukuta.
Unapasua kweli. Namjibu: Tanga hapakosekani saruji.

Mwezi wa kumi, jua.
Jua la kukausha dagaa, jua la kukausha hata kauli.
Maji ya bomba yakawa yanakuja usiku wa manane, siku moja katika tatu,
nami naamka kama mwenye kitoto kichanga,
kopo kwa kila shina, na nusu kopo
kwa kile kisahani chenye vikokoto
wanapotua nyuki wanywe wasizame.

Nyuki wangu hawaumi. Wadogo kama chembe za ufuta uliokaangwa,
wanaishi ndani ya gogo, mlango wao mrija wa nta.
Mbwana, mtoto wa dada, aliwaleta kutoka Muheza
juu ya gari la machungwa, gogo limezibwa kwa khanga yangu kuukuu.
"Mama mdogo," alisema, "hawa ni wapangaji wasiodaiwa kodi."
Siku hizi nawahesabu.
Asubuhi moja, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, walitoka arobaini.
Juma lililofuata, kumi na mmoja.
Na chozi, yule dume aliyezoea kugombana na sura yake
kwenye kioo cha dirisha, hakuja kabisa.

Kisha Bi Salha wa Chumbageni akaleta salamu na nusu ya pesa.
Harusi Ijumaa. Vikuba sitini.
Rehani ikatwe changa, kabla haijatoa ua,
maana ikishachanua jani hukaza,
harufu ikawa kali kama maneno ya mawifi.
Anaijua kazi. Nami naijua.
Nikanoa kisu.

Safu ya kwanza nikakata. Ya pili nikakata.
Ya tatu ilikuwa imekwisha kuanza,
vishada vyeupe, vidogo, vya kudharaulika,
na juu yake (nilihesabu, si mara moja) nyuki ishirini na watatu,
pengine ndio wote waliobaki,
wanachapa kazi kama mafundi wanaojua umeme utakatika.

Nikasimama na kisu.
Sitasema nilisikia sauti.
Nilisikia redio ya Mwatime, bei ya vitunguu.
Nikaingia ndani, nikapiga simu:
Bi Salha, vikuba arobaini. Pesa ya hivyo ishirini nakurudishia.
Akanyamaza kiasi cha kunifanya nijute.
"Kwani rehani imekufa?"
Haijafa, nikamwambia. Ina wageni.

Alikasirika. Mpaka leo.

Jana mvua imekuja, mwezi wa kumi na moja, ya kuvunja matawi,
ikailaza safu ya tatu yote kwenye tope.
Nimeinyanyua kwa chelewa za ufagio, shina kwa shina.
Sijui kama itasimama.
Asumini imemwaga maua karai zima,
meusi kingoni tayari, hata kwa kikuba hayafai.

Leo kumetulia. Nimeondoa bati juu ya gogo,
nimevuta kigoda, nina chai.
Wa kwanza ametokeza mlangoni,
anajipangusa uso kwa miguu ya mbele,
anatazama mbingu kama mtu aliyekwisha kukopesha akadhulumiwa.
Akaruka. Mmoja.

Nangoja wa pili. Chai inapoa.